Mlango wa zamani wa kuchongwa: usiukwangue

Ukirithi au kununua mlango wa kale wa Kiswahili, weka msasa pembeni, hasa wa mashine. Ule weusi wa juu ndio umri wake. Ukishaondoka haurudi, na nakshi hupoteza ncha zake.

Toa vumbi kwa brashi laini ya rangi, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo na tone la sabuni. Acha ukauke kivulini siku mbili. Paka mafuta ya mbegu za kitani, safu nyembamba sana, na baada ya dakika 20 futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata. Tandaza matambara uliyofutia mafuta nje yakauke, kwani yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Mafuta ya nazi hayakauki, hukusanya vumbi. Vanishi nayo hupasuka kwa jua la pwani, maji yakaingia chini yake na mbao ikaoza.

Kuoza huanzia chini, penye mhimili, yaani kile kigingi ambacho mlango huzungukia kwenye kizingiti. Hapo mtafute fundi mzee: atakata sehemu mbovu tu na kuunga mbao ya aina ileile, wakati wengi watakushauri ubadilishe ubao mzima.