Umempata kambare usiyemjua Mto Zigi? Usikimbilie jina

Wakubwa wa chini huku Tanga hawana fumbo: huyu kambare, yule ngogo. Fumbo ni wale wadogo wa juu, upande wa Amani, wanaong'ang'ania mawe kwa mdomo wasichukuliwe na maji. Kitaalamu ni Chiloglanis.

Hatua ya 1. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) mkononi, na uongozi wa kijiji uwe na habari, kabla wavu haujalowa.

Hatua ya 2. Mpige picha angali hai, maana rangi hufifia kwenye dawa. Mlaze kwa mafuta ya karafuu hadi afe. Kata kipande cha pezi la kulia, kitie kwenye ethanoli ya asilimia 96. Ndipo mwili uingie fomalini ya asilimia 10. Mimi niliwahi kutanguliza fomalini, giza limeingia na mvua inanyesha. Ikaharibu DNA ya samaki wote, nikaupanda mlima upya. Kwa nini kulia? Vipimo huchukuliwa kushoto, kwa hiyo upande huo usiguswe. Baada ya siku kadhaa msuuze, mhamishie ethanoli ya asilimia 70.

Hatua ya 3. Kambare hana magamba, basi ile hesabu ya magamba uliyozoea kwa perege isahau. Hesabu meno ya taya la chini, pima sharubu, jicho na mwiba wa pezi la kifuani. Urefu uanzie ncha ya pua uishie shina la mkia, si ncha ya mkia: mapezi huchanika. Rudia siku nyingine bila kuchungulia namba za jana. Zikipishana sana, kosa ni la mkono wako.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi ilipo: mlinganishe na waliokwisha kupewa majina. Chiloglanis deckenii wa Pangani alielezwa na Peters, mtaalamu wa wanyama Mjerumani, mwaka 1868, na maelezo ya enzi zile ni mafupi mno. Lazima uwaone vielelezo vyenyewe makumbusho, au upate picha zake. Samaki wako "mpya" huenda ana jina tangu zama za babu wa babu yako.

Hatua ya 5. Akibaki mgeni, teua mmoja awe holotaipu (kielelezo kinachobeba jina), wenzake parataipu (vielelezo vya kuandamana naye), wote wapewe namba za makumbusho. Jina la mahali halina ugomvi: Zaireichthys wamiensis, wa 1989, kabeba Mto Wami. Lako mwenyewe usimpe; sheria ya majina ya wanyama haikatazi, lakini watu watakucheka. Ukichapisha mtandaoni pekee, sajili kwanza ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, na uthibitisho wa usajili uonekane ndani ya makala. Bila hivyo, jina halitambuliki.