Kemia ya Kidato cha Nne: namna ya kuifanyia kazi mitihani iliyopita

Mwanafunzi anaweza kupitia mitihani kumi ya Kemia ya miaka iliyopita na maksi zake zisisogee. Sababu yake inajulikana: anasoma swali, anafungua majibu, anaona yanaeleweka, anahamia swali linalofuata. Kuelewa jibu lililoandikwa na mwingine ni jambo moja, na kulitoa mwenyewe kwenye karatasi tupu ni jambo lingine kabisa. Mtihani uliopita una kazi moja kubwa, nayo ni kukuonyesha mahali hasa unapopoteza maksi wewe, si darasa zima. Mwongozo huu ni wa mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne Tanzania, somo la Kemia, namba 032. Anza miezi mitatu au minne kabla ya Novemba. Ukianza Oktoba bado utapata kitu, lakini utabaki na nafasi ya kuona makosa bila muda wa kuyarekebisha.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi zinazofaa

Ingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA) upakue vitu vitatu: fomati ya mtihani wa Kemia inayotumika sasa, mitihani yenyewe, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hicho cha tatu wengi wanakiruka, na ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote. Kila swali la mwaka husika limechambuliwa: lilitaka nini, watahiniwa walikosea wapi, na kuna nakala za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono wa watahiniwa. Ukisoma taarifa mbili tu utaanza kusoma maswali kwa jicho la msahihishaji.

Kuwa mwangalifu na majibu yanayozungukazunguka WhatsApp. Mengi yana milinganyo isiyosawazishwa na hesabu zilizonakiliwa vibaya. Jibu lolote usilolithibitisha kwenye kitabu au kwa mwalimu, liwekee alama ya kuuliza.

Kwa fomati ya miaka ya karibuni, Kemia 1 ni saa 3, maksi 100, maswali 11. Sehemu A ina maksi 16: vipengele 10 vya kuchagua na 6 vya kuoanisha. Sehemu B ina maswali sita ya maksi 9 kila moja, jumla 54. Sehemu C ina maswali matatu ya maksi 15, unachagua mawili. Kemia 2 ni mtihani wa vitendo, saa 2 na nusu, maswali mawili ya maksi 25. Mitihani ya nyuma zaidi ina mgawanyo tofauti, kwa hiyo itumie kwa mazoezi ya mada, usiitumie kujipima muda.

Chukua mitihani ya miaka minane hadi kumi. Miwili ya karibuni kabisa iweke kando. Usiifungue, usiijadili kwenye diskasheni.

Hatua ya 2: Chora ramani ya mada

Kwenye karatasi kubwa andika mada zote za Kidato cha 1 hadi cha 4 upande wa kushoto, na miaka juu. Kila swali lipeleke kwenye mada yake na uandike maksi zake. Kazi hii inachukua jioni moja au mbili. Ikikamilika utaona mada zinazorudi kila mwaka: moli na hesabu zake, elektrolisisi, asidi, besi na chumvi, kasi ya mmenyuko, uchimbaji wa metali, kemia ya kaboni, udongo na mbolea.

Ramani hii inakusaidia kupanga nguvu. Haikusaidii kubashiri. Anayeacha mada kwa sababu "ilitoka mwaka jana" anacheza kamari na maksi 9 au 15, na maswali ya sehemu B mara nyingi yanachanganya mada mbili ndani ya swali moja.

Hatua ya 3: Mzunguko wa kwanza, mada kwa mada

Soma mada kwenye kitabu na madaftari, funga kila kitu, kisha fanya maswali yote ya mada hiyo kutoka miaka yote uliyokusanya. Usijipime muda bado. Andika jibu kamili, hata kama unaona unalijua. Kwenye Kemia "nalijua" huwa linaanguka pale unapotakiwa kuandika mlinganyo: NaCO₃ badala ya Na₂CO₃, CaCl badala ya CaCl₂, gesi ya haidrojeni iliyoandikwa H badala ya H₂. Fomula ikiwa na kosa, huwezi kuusawazisha mlinganyo sawasawa, na hesabu inayofuata inaanza na uwiano usio sahihi.

Karatasi iko kwa Kiingereza, kwa hiyo angalia kitenzi kinachoamuru. *State* inataka kauli fupi bila sababu. *Explain* na *account for* zinataka sababu, na bila sababu unabaki na nusu au chini. *Distinguish* inataka pande zote mbili: kueleza alkeni peke yake, ukaiacha alkani, hakujatofautisha chochote. Angalia pia maksi pembeni. Swali la maksi 3 halijibiwi kwa sentensi moja.

Hatua ya 4: Hesabu, mstari kwa mstari

Hapa ndipo maksi nyingi zinapotea na ndipo zinapopatikana kwa haraka zaidi. Chukua swali la aina hii: gramu 14.3 za Na₂CO₃·xH₂O zimeyeyushwa kupata 1 dm³ ya myeyusho. Cm³ 25 za myeyusho huo zimehitaji cm³ 25.00 za HCl ya 0.1 M, kiashiria kikiwa methili oranji. Tafuta x.

Andika mlinganyo kwanza, kabla ya namba yoyote:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli za HCl = 0.1 × 25/1000 = 0.0025
Moli za Na₂CO₃ = 0.0025 ÷ 2 = 0.00125
Molariti ya Na₂CO₃ = 0.00125 ÷ 0.025 = 0.05 M
Masi ya moli moja = 14.3 ÷ 0.05 = 286 g
106 + 18x = 286, kwa hiyo x = 10

Sasa angalia kosa linavyojificha. Asiyeandika mlinganyo anachukua uwiano wa 1:1. Anapata molariti 0.1 M, masi 143, kisha 143 − 106 = 37, akigawa kwa 18 anapata 2.06. Anakadiria anaandika 2, na anaondoka na furaha kwa sababu namba inakaribia kuwa kamili. Hakuna kitu kwenye jibu kinachomshtua. Kinga yake ni moja tu, uwiano wa moli usomwe kutoka kwenye mlinganyo uliosawazishwa, kila mara, hata swali likiwa rahisi.

Mwingine anatumia cm³ 20 kwa mazoea, wakati ujazo wa myeyusho wa Na₂CO₃ uliotajwa kwenye swali ni 25. Huyo anapata x karibu 6.8. Jibu la namna hiyo linakuita urudi nyuma, kwa maana molekuli za maji kwenye fuwele hazihesabiwi kwa nusu nusu. Jizoeze kujiuliza kila mwisho wa hesabu: namba hii inawezekana?

Kwenye elektrolisisi makosa ni mawili yanayojirudia. Mkondo wa 0.5 A ukipita kwa dakika 32 na sekunde 10 kwenye myeyusho wa CuSO₄, muda ni sekunde 1930, chaji ni 965 C, sawa na Faradei 0.01. Kila Cu²⁺ inahitaji elektroni mbili, kwa hiyo shaba ni moli 0.005, yaani 0.32 g ukitumia Cu = 64. Anayesahau elektroni mbili anapata 0.64 g. Anayeacha muda kwenye dakika anapata kiasi kidogo mno. Thamani kama 96500 C, 22.4 dm³ na masi za atomu zinatolewa kwenye karatasi ya mtihani. Tumia hizo, usitumie ulizokariri.

Onyesha kila hatua na kila kizio. Ukikosea kuzidisha katikati huku njia ikionekana, kuna maksi za hatua zinazobaki. Ukiandika jibu tupu lililokosewa, hakuna cha kukuokoa.

Hatua ya 5: Mtihani mzima kwa saa

Mada zikishapita, kaa na karatasi nzima. Saa 3 kwa maksi 100 ni chini kidogo ya dakika 2 kwa kila maksi. Gawa hivi: sehemu A dakika 20 hadi 25, kila swali la sehemu B dakika 16, kila swali la sehemu C dakika 25. Kinachobaki, robo saa hivi, ni cha kupitia majibu. Swali la B likifika dakika 18 bila kuisha, acha nafasi, songa mbele. Anayeng'ang'ania swali la maksi 9 kwa nusu saa analipia kwenye insha ambayo angeipata vizuri.

Kwenye sehemu C soma maswali yote matatu kabla ya kuchagua. Insha ya Kemia bila milinganyo na bila masharti ya mmenyuko ina maksi chache. Ukieleza utengenezaji wa amonia, weka N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃, joto la takriban 450°C, kanieneo ya takriban atmosfia 200 na kichocheo cha chuma.

Hatua ya 6: Sahihisha, kisha ainisha kosa

Tumia kalamu nyekundu na uwe mkali. Jibu "linalofanana" lipe sifuri. Kisha kando ya kila maksi iliyopotea andika herufi: M kama hukuwa na maarifa, S kama hukusoma swali vizuri, H kama ni hesabu au kizio, U kama ulijua lakini uandishi haukutosha. Hamishia makosa kwenye daftari moja la makosa: swali, herufi, na sentensi moja ya kosa lenyewe.

Baada ya mitihani mitatu, hesabu herufi. Mwenye M nyingi arudi kwenye kitabu, kwani kufanya mtihani mwingine sasa ni kupoteza karatasi. Mwenye H na S hahitaji kusoma mada upya. Anahitaji kupunguza kasi, apige mstari chini ya vizio na vitenzi. Dawa za makosa haya hazifanani, na ndiyo maana kusahihisha kwa kuweka jumla tu, "nimepata 54", hakusaidii. Rudia kila swali ulilokosa baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki mbili, kwenye karatasi tupu.

Hatua ya 7: Vitendo

Mitihani ya vitendo iliyopita ifanye maabara kila unapopata nafasi, na mezani usipoipata. Kwenye titresheni, bureti na pipeti zinasuuzwa kwa myeyusho zitakaoubeba, flaski ya koni kwa maji safi ya maabara peke yake. Ukisuuza flaski kwa myeyusho unaongeza moli ambazo pipeti haikuzipima. Toa faneli juu ya bureti kabla ya kusoma, hakikisha hakuna kiputo kwenye ncha, soma chini ya mkunjo wa kimiminika jicho likiwa usawa wake. Andika desimali mbili: 24.90, si 24.9. Kama jaribio la awali ni 25.60 na yanayofuata ni 24.90, 25.00 na 25.10, wastani ni 25.00. La awali haliingii. Na kabonati ikipimwa kwa fenoliftalini, rangi inapotea mmenyuko ukiwa umefika nusu, kwenye HCO₃⁻, hivyo ujazo unatoka nusu ya unaotakiwa.

Kwenye utambuzi wa chumvi, tenganisha kilichoonekana na hitimisho. "CO₂ ilitoka" halikai kwenye safu ya kilichoonekana. Kinachokaa hapo ni "povu, gesi isiyo na rangi iliyofanya maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa". CO₂, na CO₃²⁻ au HCO₃⁻, vinakwenda kwenye hitimisho. Mashapo meupe yanayoyeyuka kwenye NaOH iliyozidishwa yanaweza kuwa ya Zn²⁺, Al³⁺ au Pb²⁺. Andika zote tatu. Amonia ikizidishwa, ya zinki peke yake ndiyo yanayoyeyuka. KI inatoa mashapo ya njano kwa risasi. Anayetaja ioni moja mapema mno anapoteza maksi hata kama amebahatisha.

Likija swali la kasi ya mmenyuko, la Na₂S₂O₃ na HCl juu ya msalaba uliochorwa, jumla ya ujazo haibadiliki kwa sababu kina cha kimiminika kinaamua msalaba utapotea lini. Grafu iwe na kichwa, vizio kwenye mihimili yote miwili, skeli inayojaza zaidi ya nusu ya karatasi, na mstari unaopita katikati ya nukta, si unaounganisha nukta moja moja.

Hatua ya 8: Wiki tatu za mwisho

Sasa fungua ile mitihani miwili uliyoiweka kando. Fanya wa kwanza wiki tatu kabla, asubuhi, mezani, bila simu. Sahihisha siku hiyohiyo. Wiki inayofuata ni ya daftari la makosa peke yake. Fanya wa pili siku kumi kabla ya mtihani, kisha linganisha herufi za mitihani hiyo miwili: kama H zimepungua na M zimebaki kwenye mada mbili au tatu, siku zilizobaki ni za mada hizo. Usifungue mtihani mpya baada ya hapo.