Kupima bakteria wa sampuli zako: anuwai ni swali moja, kufanana ni lingine

Wadau, kila msimu wa tasnifu swali linakuja lile lile. Mtu ana tebo yake ya bakteria imetoka kwenye mashine ya sikwensi (ile inayosoma DNA), anapiga Shannon (kipimo cha anuwai) kwa kila kundi, p inatoka kubwa (yani tofauti iliyopo inaweza kuwa ya bahati tu), anaandika "hakuna tofauti kati ya makundi" afu anaenda kulala. Hapana jamani. Shannon hukuiuliza kama makundi yanafanana, umeiuliza kila sampuli ina mchanganyiko kiasi gani ndani yake yenyewe. Mwanaikolojia Whittaker alishayatenganisha haya toka 1960 kwenye mimea ya milima ya Siskiyou kule Marekani: alfa ni anuwai ndani ya sehemu moja, beta ni jinsi sehemu moja inavyopishana na nyingine.

Chukua kalamu tupige kwa mkono, ukielewa hapa kwingine ni kubonyeza tu. Tuseme una maziwa ya mgando, mengine yamegandia kwenye kibuyu mengine kwenye ndoo ya plastiki, kila sampuli ina vipande 100 vya DNA (namba nimezitunga makusudi). Kibuyu: Lactobacillus 60, Lactococcus 30, Acetobacter 9, Enterobacter 1. Ndoo igeuze: Lactobacillus 1, Lactococcus 9, Acetobacter 30, Enterobacter 60. Hiyo ndoo yenye Enterobacter wengi hivyo usimpe mtoto.

Idadi ya aina ni 4 kwa 4. Shannon: kila aina chukua sehemu yake ya jumla, zidisha kwa logi ya hiyo sehemu, jumlisha zote, ondoa alama ya hasi. Kibuyu 0.93. Ndoo 0.93 vilevile, fomula haijui majina inajua namba tu. Simpson, yani 1 kutoa jumla ya sehemu zilizopigwa kipeo cha pili, zote 0.54. Jaccard inaangalia nani yupo nani hayupo, na kwa vile aina zote nne ziko kote kote inakupa umbali wa 0, eti ni kitu kimoja. Sasa njoo Bray-Curtis: tofauti ya kila aina bila kujali hasi, 59 + 21 + 21 + 59 unapata 160, gawa kwa vipande vyote 200, jibu 0.80, na kipimo hicho mwisho wake ni 1. Vipimo vinne vimeapa maziwa ni yale yale, kimoja tu ndo kimeona kwamba ndoo imeharibika.

Kwa hiyo andika swali lako kabla hujafungua R (programu ya takwimu). Unataka kujua nani kapotea au kaingia? Jaccard. Nani kazidi nani kapungua? Bray-Curtis. Unataka ndugu wa karibu wahesabiwe kama wanakaribiana, sio wageni kabisa? UniFrac ya Lozupone na Knight (2005), ila hiyo inataka uwe na mti wa ukoo wa bakteria wako. Mi kwa kawaida naweka Bray-Curtis na Jaccard pamoja, zikipishana sana hapo ndo kuna stori.

Kabla ya hesabu kuna usafi wa data. Hakikisha kuna tyubu tupu iliyopita hatua zote za maabara pamoja na sampuli, maana hata vifaa vya dukani vya kutolea DNA (kit) vinakuja na bakteria wao. Halafu kina, yani idadi ya vipande vya DNA vilivyosomwa kwa kila sampuli: sampuli yenye vipande 50,000 itaonyesha aina nyingi kuliko yenye 3,000 hata kama zimetoka chungu kimoja. Chora rarecurve (iko kwenye vegan, kifurushi cha R cha hesabu hizi) uone mistari inalala wapi, chagua kina, zilizo chini yake ziache, zilizobaki zipunguze kwa bahati nasibu hadi kina hicho. McMurdie na Holmes mwaka 2014 waliandika wakipinga kabisa hii ya kutupa data, na hoja zao zina uzito, lakini kwa Jaccard na kuhesabu aina bado naona kusawazisha kunakuokoa, rudia mara nyingi uchukue wastani, avgdist ya vegan inakufanyia.

Kwenye vegan sampuli ziwe mistari ya kulala (rows), bakteria wawe safu za kusimama (columns). Programu nyingi zinakutolea kinyume, na usipogeuza kwa t() vegdist (inayopiga umbali) haitalalamika hata kidogo, itakupimia umbali kati ya bakteria na bakteria na we utachora picha nzuri tu isiyo na maana. Nyingine: ukiandika method="jaccard" bila binary=TRUE unapata Jaccard inayotumia wingi, sio ile ya yupo hayupo. Na logi, vegan inatumia ya asili, ukitumia ya 2 ile 0.93 yetu inakuwa 1.34, so usilinganishe Shannon yako na ya makala ya mtu bila kujua katumia ipi.

Ukishapata umbali chora kwa metaMDS, inayoweka sampuli zinazofanana karibu karibu (stress, yani kiasi picha inavyopotosha umbali, ikipita 0.2 usiiamini sana hiyo picha), pima kwa adonis2 kama makundi yanapishana, afu lazima upige betadisper inayopima mtawanyiko ndani ya kila kundi, kwa sababu adonis2 inaweza kukupa p ndogo kisa kundi moja limetawanyika kuliko lingine, sio kwamba vitovu vyao viko mbali. Kama umechukua sampuli kwa mtu yule yule mara kadhaa, mwambie adonis2 kwa strata (inayotaja sampuli zipi ni za mtu mmoja).

Na msimu usiusahau. Utafiti wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi uliotoka kwenye jarida la Science 2017 ulionyesha familia ya bakteria ya Prevotellaceae inashuka sana tumboni wakati wa mvua, msimu wa asali na matunda, halafu kiangazi inarudi. Sasa we kundi moja umelichukulia masika lingine kiangazi, beta itatoka kubwa na itakuwa imepima mvua.

Kwenye ripoti taja kina, umbali uliotumia, R2 na p pamoja. Ukiiacha adonis2 kwenye mizunguko yake 999 (mara inazochanganya makundi ovyo ili kulinganisha) p ndogo kuliko zote ni 0.001, kwa hiyo hiyo 0.001 isikupe kiburi, kama R2 ni 0.03 kundi lako limeeleza asilimia 3 tu ya tofauti yote.