Kabla ya kupima pembe za fuvu: picha kwanza, hesabu baadaye

Mpango wa kunyoosha meno au kupasua taya mara nyingi huharibikia kwenye picha ya eksirei ya kichwa iliyopigwa kutoka ubavuni, kabla hata penseli haijashikwa. Kwa hiyo anza na mgonjwa. Avue hereni, kipini cha pua, miwani, mkufu, vibanio vya nywele na meno ya bandia. Mwanamke aulizwe kama ni mjamzito. Vijiti viwili vya masikioni vishike kichwa, na mstari wa Frankfurt, unaotoka juu ya tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa jicho, ulale sambamba na sakafu. Magego yaumane kama yanavyoumana siku zote, midomo ilegee. Hili la midomo husahaulika sana: mgonjwa akiibana afunike meno yaliyochomoza, kidevu hukunjamana, na daktari hupangia upasuaji uso usio wake.

Rula ya kipimo nayo ionekane kwenye picha. Chanzo cha mionzi kikiwa sm 152 kutoka katikati ya kichwa, na filamu sm 15 upande wa pili, mm 10 za kweli husomeka karibu 11. Pembe hazibadiliki kwa ukuzaji huo, lakini mfupa hukatwa kwa milimita.

Tazama pia kingo mbili za taya la chini. Kupishana kidogo ni kawaida. Zikiachana sana, ama kichwa kiligeuka, na picha irudiwe, ama uso umeelemea upande mmoja, na hapo picha ya mbele inahitajika.

Ukifika kwenye pembe, SNA (inayoonyesha taya la juu limetokeza kiasi gani mbele ya fuvu) ya digrii 82, SNB (ya taya la chini) ya 80 na ANB (tofauti ya hizo mbili) ya 2 ni viwango vya watu wenye asili ya Ulaya. Jamii nyingi za Kiafrika zina meno na taya zilizotokeza mbele zaidi kwa asili, wala huo si ugonjwa. Tumia viwango vya jamii inayofanana na mgonjwa. ANB yenyewe hudanganya iwapo nasioni, yaani mahali mfupa wa paji la uso unapokutana na wa pua, iko mbele au nyuma kuliko kawaida, hivyo ilinganishe na kipimo cha Wits, kinacholinganisha taya mbili kwa milimita kwenye mstari wa meno yanapoumana. Chora upya alama za kupimia kwenye picha siku nyingine. Pembe zikitofautiana kwa zaidi ya digrii 2, usiziamini bado.

Taya la chini lililochomoza lisipasuliwe kabla ukuaji haujakoma: picha mbili zilizopishana miezi 6 hadi 12 zilaliane bila tofauti. Waya zikishamaliza kusimamisha meno ya mbele ya chini, karibu digrii 90 na kitako cha taya, piga picha mpya, kwani vipimo vya mwanzo havifai tena kwa upasuaji.