Kabla hujailaumu chanjo, kitazame kifuko

Kuku waliochanjwa wakifa kwa kideri, lawama ya kwanza huangukia chanjo. Mara nyingine ni haki, maana chanjo iliyopigwa jua haina kazi tena. Lakini nimeona mara nyingi kwamba kosa lilitokea wiki kadhaa nyuma, kwenye kiungo ambacho mfugaji hajawahi hata kukitazama.

Pasua kifaranga aliyekufa akiwa na wiki tatu. Ndani, juu kidogo ya tundu la haja, kati ya mwisho wa utumbo na mgongo, kuna kijifuko cha mviringo, cheupe kama maziwa, na ukikichana utaona mikunjo. Hicho ndicho kifuko cha Fabricius, au bursa. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua kazi yake, mpaka mwaka 1956, Bruce Glick na wenzake wa Marekani walipoonesha kwamba kuku walioondolewa kifuko wangali wadogo hushindwa kutoa kingamwili, yaani protini za mwili zinazoshika vijidudu. Herufi B katika jina la seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, imetoka kwenye bursa hiyo ya kuku. Hata madaktari wa binadamu wanamdai kuku shukrani hapo.

Na kuku ana ujanja wake. Kingamwili hushika kirusi kwa umbo, kama ufunguo na kufuli, kwa hiyo mwili unahitaji maumbo mengi mno. Binadamu huchanganya vipande vingi vya jeni kuyapata. Kuku ana jeni moja tu inayofanya kazi hiyo kwa kila mnyororo wa kingamwili, yaani mzito na mwepesi, ambayo ndiyo vipande vinavyoiunda. Pembeni yake zimepangana jeni bubu, zisizoweza kutoa kitu zenyewe. Kwa mnyororo mwepesi ziko kama 25. Ndani ya kifuko, seli B hunakili kipande kwenye jeni bubu hii, kingine kwenye ile, na kuvibandika juu ya jeni inayofanya kazi. Kila seli hutoka na viraka vyake, na ndiyo maana kuku mmoja anaweza kukabili vijidudu ambavyo wazazi wake hawakuvijua. Kazi huanza kifaranga akiwa bado ndani ya yai, huendelea wiki za mwanzo, na kuku akipevuka kifuko husinyaa. Seli zilizokwisha kutoka na kuhamia bandama na kwingineko ndizo mtaji wake.

Sasa utaona kwa nini Gumboro, ugonjwa wa kirusi unaoharibu kifuko, inatisha. Kirusi chake hushambulia seli B changa zikiwa bado kifukoni. Kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita utaona vifo. Kifaranga akiambukizwa kabla ya wiki tatu huenda usione chochote, ila kinga yake imeharibika, na chanjo za baadaye hazitashika vizuri.

Kuchanja mapema mno nako ni kupoteza. Kifaranga hutoka na kingamwili za mama alizozipata kwenye kiini cha yai, na hizo huua chanjo hai, yaani yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kabla haijafanya kazi. Ndiyo sababu Gumboro huchanjwa zaidi kuanzia wiki ya pili na kurudiwa. Fuata ratiba ya daktari wa mifugo na maelekezo ya chupa. Kama chanjo ni ya kunyweshwa kwa maji, tumia maji yasiyo na klorini, kwenye chombo cha plastiki.

Usisahau kurudia. Chanjo ikiingia, seli B zinazoikaribia kwa umbo huzaliana, hubadilisha jeni zao tena, na zile zinazoshika vizuri zaidi ndizo huendelea. Hilo huchukua siku nyingi, hivyo aliyechanjwa jana asipelekwe kwenye banda lenye ugonjwa leo. Dozi ya pili hukuta seli zilizokwisha kunolewa.

Chakula chenye ukungu pia ni adui. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, hudhoofisha kinga na hudumaza kifuko hichohicho.

Ukishuku Gumboro, rudi kwenye kifuko. Siku ya tatu au ya nne ya maambukizi huwa kimevimba, mara nyingi kimezungukwa na ute wa manjano kama jeli. Baada ya siku nane hivi huwa kimesinyaa kuliko kawaida. Mwambie mtaalamu ulichokiona na umri wa kifaranga, kisha choma mzoga au uuzike kwa kina.