Santiago kwa miguu, ukianzia Sarria

Kama likizo yako ni wiki moja tu, achana na safari nzima ya hija ya Camino, kilomita 780 hivi kutoka mpakani mwa Ufaransa. Anzia Sarria, kutoka hapo hadi Santiago de Compostela, Hispania, ni kama kilomita 115. Watu wanahiji huko tangu karne ya 9, lilipotangazwa kaburi la Mtume Yakobo.

Kwanza pata kitabu cha hija, ugongewe mihuri miwili kila siku, kanisani au hata mgahawani. Bila mihuri hupewi cheti cha kumaliza hija. Kupotea si rahisi: fuata mishale ya njano, aliyoanza kuichora Padri Elías Valiña wa O Cebreiro miaka ya 1980. Lala Portomarín, Palas de Rei, Arzúa. Mimi hupaka mafuta ya mgando miguuni kabla ya soksi, na malapa ya kuogea nayaning'iniza nje ya begi.

Melide usipite bila kula pweza. Wanamchemsha, wanamkatakata kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, kisha mafuta ya zeituni, chumvi ya chengachenga na paprika. Sisi wa Tanga tumezoea supu, lakini huyu kalainika haswa. Santiago fika asubuhi, maana mchana foleni ya cheti ni ndefu.