Somo: Kununua vyakula vya kilimo hai kwa familia bila kuumia mfukoni

Wanachama wenzangu, kila tunapozungumzia vyakula vya kilimo hai, yaani vilivyolimwa bila mbolea wala dawa za viwandani, mazungumzo huishia kwenye bei. Mtu huingia duka kubwa, huona nyanya nne kwenye trei yenye lebo nzuri, hulinganisha na fungu la sokoni, kisha huzirudisha rafuni na kuamini kwamba chakula hicho ni cha wenye nazo. Ninayoandika hapa yametokana na miaka sita ya kulisha watu saba hapa Kimara, Dar es Salaam, kwa kununua pamoja na majirani. Kwa nilivyoona, sehemu kubwa ya bei ile hulipia trei, jokofu na rafu. Anayenunua kwa msimu, kwa wingi na kwa mkulima anayemfahamu huondokana na gharama hizo.

Hatua ya kwanza: Andika mnachokula, kisha kigawe

Kwa wiki moja andika kila kinachoingia jikoni, hata vitunguu vya mia tano. Wiki ikiisha, gawa orodha hiyo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la mazao ambayo mkulima wa kawaida huyapulizia dawa mara nyingi na sisi tunayala pamoja na ganda au majani yake: nyanya, kabeji, chainizi, pilipili hoho, matango na mchicha. Nyanya ndizo zinazonisumbua zaidi, kwa sababu tangu mdudu kantangaze aingie nchini, wakulima wengi wamekuwa wakipulizia mfululizo, na wengine huvuna kabla siku za kusubiri baada ya dawa hazijatimia. Ule unga mweupe unaouona kwenye nyanya sokoni mara nyingi ni dawa ya ukungu iliyokaukia juu ya ganda. Fedha yako ya kilimo hai ianzie hapa.

Fungu la pili ni la mazao ambayo hata mkulima asiye na cheti chochote kwa kawaida hayapulizii, au hupulizia kwa nadra: mihogo, magimbi, viazi vitamu, nazi, kisamvu, matembele na majani ya maboga. Ndizi, mananasi na maparachichi nayo naweka humu, kwa kuwa tunayamenya. Usilipe bei ya ziada kwa vitu hivi, ila ujue mboga imeoteshwa wapi. Matembele yanayomwagiliwa kwa maji ya mto Msimbazi, unaopokea majitaka ya mjini na ya viwandani, hayawi salama kwa sababu tu hayakupuliziwa dawa.

Fungu la tatu ni la vikavu: mahindi, maharage, mchele, kunde na karanga. Huku dawa nyingi huingia baada ya mavuno, mazao yanapochanganywa na vumbi la kuulia wadudu ghalani. Nitalirudia katika hatua ya nne, kwa sababu ndilo lililotuokolea fedha nyingi kuliko jambo lingine lolote.

Hatua ya pili: Jua maneno yanamaanisha nini

«Kienyeji», «asilia» na «kilimo hai» si neno moja. Kienyeji hueleza aina ya mbegu au ya mnyama, na asilia humaanisha chochote anachotaka muuzaji. Kilimo hai kina masharti yaliyoandikwa: nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao haya mwaka 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Hapa Tanzania shirika linalosimamia harakati hizi ni TOAM, na Kenya ni KOAN.

Cheti cha mkaguzi kutoka nje ni ghali, na gharama hiyo humfikia mlaji. Kwa soko la ndani upo utaratibu mwingine unaokubalika, ambao wakulima wa kikundi kimoja hukaguana mashamba yao, huweka kumbukumbu, na huwakaribisha wanunuzi washiriki. Tafuta vikundi vya namna hiyo, maana mazao yao mara nyingi huwa nafuu kuliko yenye cheti cha kuuzia Ulaya.

Kwa karibu mwaka mzima nilinunua mchicha kwenye duka moja lililoandika «kilimo hai» kwa herufi kubwa za kijani. Siku nilipoomba kulitembelea shamba, nilizungushwa kwa wiki kadhaa, mpaka kijana anayeleta mzigo aliponionyesha mwenyewe: ni bonde la kawaida, na mtu alikuwa akipita katikati ya matuta na bomba la dawa mgongoni. Iliniuma sana, kwa sababu mchicha ule nilikuwa nikimlisha mtoto aliyekuwa anaanza kula. Tangu siku hiyo, kabla ya kumlipa mkulima mpya namuuliza anakabilije kantangaze na nani analima jirani yake upande wa juu. Mkulima wa kweli wa kilimo hai hukueleza habari ya muarobaini, mitego, mzunguko wa mazao na hata msimu alioshindwa. Anayejibu «hatuweki chochote» na kunyamaza, mwendee polepole.

Hatua ya tatu: Nunueni kama kikundi

Sisi tuko kaya sita. Mkulima wetu yuko Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, naye hupakia mzigo kwenye basi mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ambako mmoja wetu huupokea kwa zamu. Tuseme tenga la nyanya lenye kilo 36 ni shilingi 30,000 shambani, usafiri wa basi ni 6,000 na bodaboda ni 3,000. Jumla ni 39,000, yaani kila kaya hulipa 6,500 na kupata kilo sita, ambayo ni zaidi kidogo ya shilingi 1,080 kwa kilo. Hata kilo sita zikipondeka njiani, kilo iliyobaki nzima itakuwa imegharimu 1,300. Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo weka bei za kwako katika hesabu hiyo.

Mwombe mkulima achanganye nyanya zilizoiva na zinazoanza kubadilika rangi, ili zisiharibike zote siku moja. Fedha zikusanywe kabla ya mzigo kupakiwa, bila kuoneana haya, kwa kuwa vikundi vingi hufa pale mtu mmoja anapoanza kuwalipia wenzake.

Hatua ya nne: Nunua vikavu wakati wa mavuno na uhifadhi bila dawa

Maharage na mahindi huwa bei ya chini wakati wa mavuno, kisha hupanda kuelekea miezi ya mwanzo ya mwaka. Wengi wetu hatununui ya mwaka mzima kwa kuogopa wadudu, na anayeogopa wadudu huchanganya vumbi la dawa. Njia ya tatu ni mifuko ya PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakishirikiana na wenzao wa Kamerun kwa ajili ya kuhifadhi kunde. Ina tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Ikifungwa vizuri, wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki, kisha huacha kula na kuzaana, na hatimaye hufa bila chembe ya dawa.

Sharti ni ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje mpaka robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado ina maji, na inapaswa kurudi juani. Ikianguka yote chini, jaza mfuko. Shindilia ili kutoa hewa, sokota shingo ya mfuko wa ndani, ikunje na uifunge kwa kamba, kisha fanya vivyo hivyo kwa wa pili na kwa kiroba. Uweke juu ya chaga, mbali na ukuta na panya, wala usiufungue kwa mwezi wa kwanza.

Nasisitiza ukavu kwa sababu ya sumukuvu. Kilimo hai hakizuii sumukuvu, kwani hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizokaushwa au kuhifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Usinunue mahindi yenye ukungu kwa kuwa tu hayana dawa.

Hatua ya tano: Otesha mboga ya majani

Hii ni fupi. Chukua kiroba, simamisha katikati yake kopo lisilo na kitako, jaza kopo kokoto na pembeni yake weka udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, vuta kopo juu kidogo, jaza tena, mpaka ufike mdomoni. Nguzo ile ya kokoto ndiyo inayofikisha maji chini. Toboa matundu ubavuni na upandikize miche ya mchicha au sukuma wiki. Viroba vitatu vimetupunguzia safari za sokoni mara mbili kwa wiki.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Arusha: Shikamoo mwalimu. Je, nikiosha nyanya za kawaida kwa chumvi au siki, si inatosha bila kuhangaika na kilimo hai?

Jibu: Marahaba. Kuosha kunasaidia, ila kuna mpaka wake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu kwenye matofaa na kuona kwamba soda ya kuokea iliondoa dawa za juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu, baada ya dakika 12 hadi 15. Kipimo chao ni kama vijiko viwili vidogo kwa lita moja ya maji. Dawa iliyokwisha kupenya ndani ya tunda haikuondoka yote. Basi osha, kisha suuza kwa maji yanayotiririka, lakini kama unaweza kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha nyanya.

Mwanachama wa Tandika: Dada, mimi naishi chumba cha kupanga na kipato cha mume wangu ni cha siku kwa siku. Siwezi kutoa 6,500 kwa mara moja. Nianzie wapi?

Jibu: Pole, dada yangu, na hali hiyo naifahamu. Usianze kwa kununua kitu cha bei ya juu. Badilisha chainizi na kabeji kwa matembele, kisamvu na majani ya maboga, ukihakikisha vinatoka mahali pasafi. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kwa kuwa kibichi kina sumu. Kiroba kimoja cha mboga mlangoni, kama mwenye nyumba ataridhia, kinatosha kwa mwanzo, na katika nyanya, watu wawili wanaweza kugawana sehemu ya kaya moja.

Mwanachama wa Mbeya: Nimefungua mfuko wa mahindi baada ya miezi miwili nikakuta dumuzi wazima. Nimetapeliwa?

Jibu: Huenda mfuko umetoboka. Dumuzi anaweza kutoboa plastiki, hasa nafaka ikikaa muda mrefu kabla ya kufungwa. Utoe mfuko wa ndani, ujaze hewa na uukaze kama puto, usikilize panapovuja. Uliotoboka usiutumie tena kuhifadhia. Chekecha mahindi, yapime kwa chumvi, uyafunge upya siku hiyo hiyo.

Mwanachama wa Singida: Namtengenezea mwanangu wa miezi minane unga wa lishe wenye karanga. Nikinunua karanga za kilimo hai, niko salama?

Jibu: Kwa upande wa viuatilifu, ndiyo, lakini kwa sumukuvu hapana. Nunua karanga zikiwa kwenye maganda, ubangue mwenyewe, uzimwage kwenye ungo mahali penye mwanga na uzichague moja moja. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zenye ukungu, na usimpe hizo kuku wala usizikaangie watu wazima. Usisage nyingi: unga wa wiki mbili unatosha, na hakikisha mashine unayosagia haikutoka kusaga nafaka iliyooza, kwa maana masalia yake huingia katika unga wa mtoto wako.